Saburi ya Mambo Madogo

Wahenga wetu walisema kwamba baada ya dhiki, faraja. Wala hawakusema neno lolote juu ya kero. Jambo hili limenishughulisha kwa muda mrefu, nami nimeona yafaa niwashirikishe walimu wenzangu na wanafunzi wa lugha yetu, kwa kuwa maneno haya mawili, ijapokuwa yanakaa karibu karibu katika kamusi, yanakaa mbali mbali sana katika maisha ya mtu.

Dhiki ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na ndani yake mna maana ya wembamba na kubanwa. Mwenye dhiki ni mtu aliyebanwa kila upande, hana pa kupenya. Kero ni kitu kingine. Mwenzake wa karibu ni kitenzi kereketa, ambacho twakitumia kwa koo linalowasha. Kero haiui mtu, yamuwasha tu. Leo humwasha kidogo, kesho humwasha tena pale pale, na kesho kutwa hurudi kama mgeni asiyejua kuaga. Mtu aliyebanwa na dhiki humlilia Mungu. Mtu anayewashwa na kero, aghalabu, huwafokea watu.

Mimi ni Mkristo, nami ni mwalimu wa Kiswahili. Ninakaa Awindiri, katika mji wa Arua, kaskazini-magharibi ya Uganda, mahali ambapo mpaka wa Kongo hauko mbali. Ninayotaka kusema katika makala haya ni machache: kwamba imani yangu iliyostahimili dhiki ilishindwa na kero, na kwamba nilichelewa sana kulitambua jambo hilo.

Kwanza nizitaje kero zenyewe, maana kila mahali pana zake. Kwa miaka mingi mji wetu haukuwa umeunganishwa na njia kuu ya umeme ya taifa. Mwalimu alijifunza kusahihisha madaftari kwa taa ya mafuta huku akiitazama balbu iliyoning'inia darini kama pambo. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Masika yakija, vumbi lile lile hugeuka matope. Pikipiki za bodaboda hupita huku na huku pasipo kujali nani yuko njiani. Safari ya kwenda Kampala ni ya kilomita zipatazo 500, na mwishoni mwa mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, mabasi yalilazimika kuzunguka kwa njia nyingine, na abiria tukazunguka nayo. Wala sitaficha kwamba baadhi ya kero zetu hutoka kwa watu wa Mungu wenyewe. Pana wahubiri ambao huamini kwamba Bwana hasikii ila kwa vipaza sauti, tena saa nane za usiku.

Kisha ipo kero ya kazi yetu. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maneno hayo ni mazuri. Walakini mwalimu wa Kiswahili wa Uganda hukutana kila siku na mzazi anayemwuliza, "Mwalimu, lugha hii ya mtutu wa bunduki waifundishia nini?" Swali hilo lina historia yake, wala si la kubezwa. Wazee wetu wa West Nile walikisikia Kiswahili katika majeshi ya wakoloni, kisha wakakisikia kambini na katika vizuizi vya barabarani. Kwa wengi, ilikuwa lugha ya kuamrishwa. Nimelijibu swali hilo mamia ya mara. Mara ya kwanza nililijibu kwa furaha. Sasa natakiwa nimwombe Mungu kwanza ndipo nifungue kinywa.

Mimi mwenyewe nilikutana na Kiswahili kwa namna nyingine. Nilizaliwa mwaka 1971. Mwaka 1979, baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka, wanajeshi wa Tanzania walifika Arua. Sisi watoto tulikuwa tumejificha nyuma ya ghala la muhogo. Askari mmoja akatuona, akachuchumaa ili asiwe mrefu kutupita, akasema, "Hamjambo, watoto?" Sikujua jibu lake. Lakini nilikuwa sijapata kumwona mtu mwenye bunduki akimwulizia mtoto hali. Naamini kwamba ualimu wangu ulianzia nyuma ya ghala lile.

Sasa niseme juu ya dhiki. Mwezi wa Oktoba 1980, askari wa jeshi la zamani walivuka mpaka wakaingia Koboko na Arua, na jeshi jipya la serikali likaja kulipiza. Waliolipizwa kisasi walikuwa raia. Watu wa Koboko, waliokuwa karibu na Sudan, wengi wao walikimbilia kaskazini. Sisi wa Arua tulielekea magharibi, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Tulitoka usiku. Mama alimfunga mdogo wangu wa kike mgongoni, akajitwika sufuria lenye unga, nami nikakabidhiwa kuku wawili, nikaambiwa niwashike midomo wasilie. Tulikaa ukimbizini miaka sita. Katika mwaka wa kwanza surua ilipita katika vibanda vya wakimbizi, ikamchukua yule mdogo wangu. Tulimzika kando ya njia, kwenye shamba la mtu ambaye hatukumjua, naye mwenye shamba akatusaidia kuchimba.

Tulipokuwa huko tulipata habari za Ombaci. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwaua makumi ya watu waliokuwa wamekimbilia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Walikwenda pale kwa sababu palikuwa mahali pa Mungu. Miongoni mwao walikuwamo watu tuliowafahamu. Jioni ile mama aliomba kama alivyoomba kila jioni. Sala yake ilikuwa na sehemu tatu: alishukuru kwa siku iliyopita, alimtaja marehemu binti yake kwa jina, kisha akawataja askari. "Na wale vijana, Bwana, nao wana mama zao." Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nami nilikasirika. Niliona kwamba sala ile ilikuwa kama kumpa mwizi kuku uliyembakiza. Lakini mama hakuiacha hata jioni moja, na mimi, kwa kuisikia kila siku, nikakua ndani yake kama mtu akuavyo ndani ya nyumba.

Ndugu msomaji, nasimulia hayo ili uone kwamba sikuwa mgeni wa mafundisho haya. Tena kanisa letu lilikuwa na mifano mikubwa. Injili ilipelekwa Mvara, hapa hapa Arua, na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1918, na tangu wakati huo imepita katika moto mwingi. Mwezi wa Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Tarehe 16 ya mwezi ule ule Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba alikufa katika ajali ya gari. Aliyeshika nafasi yake ni Silvanus Wani, aliyekuwa askofu wetu wa Madi na West Nile. Yeye alikuwa Mkakwa, wa kabila moja na Amin. Fikiri jinsi kiti kile kilivyokuwa kizito: kanisa liliomboleza, na mtu wa kabila la mtawala ndiye aliyetakiwa kulifariji. Aliliongoza kanisa hadi mwaka 1983. Mimi nililelewa na majina hayo mawili. Nilipoitwa kushuhudia mbele ya watu kanisani nilisimulia habari za ukimbizi, na waumini wakasema, "Mwalimu ana imani." Nami niliamini kwamba ninayo.

Basi mwaka 2023 jina langu likatoweka katika orodha ya mishahara.

Sababu yake ilikuwa herufi moja. Kwetu, jina la mtu aghalabu husimulia hali iliyokuwako nyumbani siku alipozaliwa. Kuna majina yenye neno ayiko, ambalo ni furaha. Kuna yenye neno dra, ambalo ni kifo. Jina langu mimi limetokana na neno candi, ambalo ni taabu, kwa kuwa mwaka niliozaliwa haukuwa mwepesi kwa mama. Katika maandishi ya Kilugbara herufi C husomwa kama ch ya Kiswahili. Kitambulisho changu cha taifa kina C peke yake, na orodha ya mishahara ilikuwa na CH. Mashine ikalinganisha, ikaona watu wawili, ikamfuta mmoja. Hivyo mtu aliyeitwa Taabu alipata taabu kwa sababu ya tahajia ya taabu. Leo naweza kucheka. Wakati ule sikucheka.

Nilikwenda katika ofisi husika. Nilimkuta karani kijana, mpole wa sauti, aliyezungukwa na majalada hadi mabegani. Aliniambia, "Mwalimu, rudi wiki ijayo." Nilirudi. Akaniambia nirudi mwisho wa mwezi. Nilirudi. Mwezi wa tatu aliniambia kwamba jalada langu halionekani. Mwezi wa nne likaonekana, lakini mwenye kutia sahihi alikuwa safarini. Nami nikaanza kumchukia kijana yule kwa chuki ambayo sikupata kuwa nayo kwa mtu yeyote, hata kwa wale waliotufukuza nchini. Nililala naye na kuamka naye. Nilipokuwa nikipiga mswaki nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha, niliyatunga vizuri. Siku moja niliyasema yote, mbele ya watu waliojaa kwenye benchi. Watu wakacheka. Yeye aliinamisha kichwa, akaendelea kuandika.

Lakini hasara kubwa haikuwa ofisini, ilikuwa nyumbani. Mke wangu aliongeza bustani ya mboga, akauza mchicha, akalipa ada ya mtoto wetu wa mwisho bila ya kuniambia neno. Badala ya kumshukuru, nilimwuliza kwa nini hakuniarifu. Jioni moja mtoto yule alimwaga chai juu ya madaftari niliyokuwa nikisahihisha. Nilisimama nikalipiga teke benchi, likaanguka, nikasema maneno ambayo mtoto hastahili kuyasikia kutoka kwa baba yake. Tangu siku ile niligundua jambo: kila nilipofika mlangoni, mazungumzo ya ndani yalikatika. Walikuwa wakisikia hatua zangu. Hapo zamani, nilipokuwa mtoto, mimi pia nilikuwa nikinyamaza niliposikia hatua za watu fulani nje ya kibanda. Nilisimama barazani jioni moja nikisikiliza kimya kile, nikajua kwamba sasa mimi ndimi ninayeogopwa.

Jumapili iliyofuata nilisoma somo kanisani kwa sauti nzuri.

Mwezi wa saba niliitwa tena ofisini. Karani alikuwa amepata jalada langu la zamani kabisa, lenye fomu niliyoijaza nilipoanza kazi, katika miaka ya 1990. Aliliweka mbele yangu taratibu, akaligeuza ili nisome, akaniuliza, "Mzee, mwandiko huu si wako?"

Ulikuwa wangu. Nilikuwa kijana aliyetoka chuoni, mwenye mapenzi makali ya Kiswahili, nami niliona kwamba jina langu litapendeza zaidi likiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili sanifu. Nikaandika CH. Hakuna aliyenikosea. Kwa muda wa miezi saba nilikuwa nimemtukana kijana wa watu, na kuitia hofu nyumba yangu, kwa kosa la mkono wangu mwenyewe.

Nilimwomba radhi pale pale. Nilitazamia kwamba atanilaumu, au labda atanisamehe kwa maneno mazuri kama yale ya kwenye vitabu. Alisema tu, "Mwalimu, wewe hukunitukana kuliko wengine." Kisha akanielekeza kwa wakili nikaape kiapo cha jina. Mwezi wa nane mshahara ulirudi. Malimbikizo ya miezi miwili sijayapata mpaka sasa, na bado naenda kuyaulizia.

Nilikwenda kumsimulia mama. Amekwisha kupita miaka themanini, macho yake yamefifia, lakini masikio yake hayasamehe. Alisikiliza hadi mwisho. Nikamwuliza swali lililokuwa likinisumbua: imekuwaje kwamba mtu aliyefundishwa kuwaombea askari wenye bunduki hakuweza kumwombea karani mwenye kalamu?

Mama alinyamaza kitambo. Nilidhani anatafuta neno la Maandiko. Kumbe alikuwa anamfikiria jirani yake, Hajati mmoja wa Kinubi, ambaye mbuzi wake huingia katika shamba la mama na kula majani ya muhogo. Ugomvi wa mbuzi wale una miaka mingi, na mji mzima unaufahamu.

"Baba," akaniambia, maana mama hapa kwetu humwita mwanawe hivyo, "wale askari niliwaombea mara moja kwa siku. Mbuzi wa Hajati huja mara tatu."

"Kwa hiyo, Mama?"

"Kwa hiyo sala moja haitoshi. Hilo ndilo kosa letu, mimi na wewe."

Nimezipima sana sentensi hizo, na naona zina elimu kubwa. Dhiki hutukuta tukiwa wengi. Tulipokimbia mwaka 1980 njia ilikuwa imejaa watu. Tulipozika, mgeni alishika jembe. Tulipoomba, vibanda vyote viliomba. Imani ya mmoja iliegemea imani ya mwingine kama miti ya kibanda. Tena dhiki humwambia mtu waziwazi kwamba nguvu zake hazitoshi, kwa hiyo humwendea Mungu bila ya kusukumwa. Kero humkuta mtu peke yake. Wala haionekani kuwa jambo la kupelekwa mbele za Mungu. Nani atapiga magoti kwa ajili ya herufi moja, au chai iliyomwagika, au mbuzi? Mtu huona haya kumshughulisha Mwenyezi kwa mambo hayo, akaamua kuyashughulikia mwenyewe. Hapo ndipo imani hubaki kanisani, na mwenye imani hurudi nyumbani bila yake.

Wakristo tunaotumia Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 tumezoea humo maneno mawili, uvumilivu na saburi, kwa jambo ambalo mitaani huitwa subira. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi wangu kwamba saburi na subira zimetoka katika shina moja la Kiarabu. Hajati, nilipomwendea kumsalimu na kumweleza habari zangu, alinifundisha jambo ambalo sikulipata chuoni. Alisema kwamba katika mafundisho ya dini yake subira ya kweli ni ile ya wakati pigo linapoanguka. Kutulia baadaye, hasira ikiisha kuchoka yenyewe, si subira, ni uchovu. Nikaona kwamba mimi nilikuwa na uchovu mwingi nikauita saburi. Kuhusu mbuzi, alisema atawafunga kamba. Kamba yenyewe ni mbovu.

Hapa yafaa nimtaje mtu ambaye sisi walimu wa Kiswahili tuna deni lake. Johann Ludwig Krapf, mmisionari kutoka Ujerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Katika mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga naye akafariki. Hiyo ilikuwa dhiki, na kila anayesimulia maisha yake huitaja. Lakini mimi huwaza zaidi juu ya miaka iliyofuata. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufa. Kati ya kaburi la Rosine na kitabu kile palipita miaka karibu 40. Kila mwenye kupata kujaribu kuandika maana ya neno moja tu anajua udhia wake: neno hili lina maana tatu, msemaji huyu anakataa alichosema jana, karatasi hii imeliwa na mchwa. Sifa ya mtu yule si kwamba aliustahimili msiba ule mmoja tu, bali kwamba aliendelea kurudi mezani.

Walakini nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba Mkristo akikerwa anyamaze. Wale maaskofu wa mwaka 1977 hawakunyamaza. Waliandika barua, wakatia sahihi, na mmoja wao akalipa kwa uhai wake. Saburi haina maana ya kumeza kila kitu. Kwa kweli tofauti ya barua yao na maneno yangu kwenye benchi la ofisi si kwamba wao walikuwa wapole. Wao walisema ukweli ili watu wapone. Mimi nilisema maneno mazuri ili mtu mmoja aumie, na hata ukweli sikuwa nao. Mwenye kudai haki yake na adai, tena kwa maandishi, tena arudi wiki ijayo na wiki ile nyingine. Ila kwanza afungue jalada lake mwenyewe aone ni mwandiko wa nani.

Tangu mwaka ule nimejiwekea desturi moja ndogo, nami naitoa kwa yeyote anayeitaka. Kabla ya kuingia nyumbani jioni, nasimama pale barazani, mahali niliposikia kile kimya. Naitaja kero ya siku kwa jina lake mbele za Mungu, bila ya haya: mzazi fulani, pikipiki fulani, umeme, kipaza sauti. Kisha namtaja mtu aliyehusika, na kuongeza yale maneno ya mama, kwamba naye ana mama yake. Ndipo naingia. Siku nyingine husaidia. Siku nyingine naingia na hasira yangu ikiwa nzima, na mke wangu huniangalia usoni, akaniambia, "Mwalimu, hebu toka nje tena." Natoka. Mwanangu wa mwisho huona jambo hilo kuwa mchezo, huhesabu mara ninazotoka. Siku iliyokuwa mbaya kuliko zote nilitoka mara nne. Lakini sasa, nikiwa nimesimama pale nje, nasikia kwamba ndani wanaendelea kuzungumza.

Mwaka huu mzazi mmoja tena aliniuliza swali lile la mtutu wa bunduki. Alikuwa mwanamke wa makamo, na sauti yake ilionyesha kwamba haulizi kwa kejeli. Badala ya kumjibu kwa Katiba na maazimio ya serikali, nilimwuliza lugha hii aliisikia wapi kwanza. Alisema aliisikia njiani kati ya Koboko na mpaka wa Sudan, akiwa msichana, kutoka kwa watu waliomnyang'anya mama yake mzigo. Nikamsimulia juu ya askari aliyechuchumaa. Tulikaa kitambo. Kwa muda wa miaka karibu 30 nimelihesabu swali hilo kuwa kero yangu, kumbe kwa wenye kuliuliza lilikuwa dhiki yao. Mwanawe sasa yumo darasani mwangu. Ni mtundu, hasemi "hujambo" ila kwa kupiga kelele, naye hukosea upatanisho wa ngeli kila siku pale pale. Namsahihisha kila siku pale pale. Mungu ananijua, na kesho nitaanza tena.